Kutengeneza, Kurudishia na Kugeuza: Uhakiki wa Istilahi za Mswada Mmoja wa Ufundi wa Magari

Miongoni mwa miswada iliyofikishwa ofisini kwetu mwaka jana ili istilahi zake zikaguliwe, ulikuwamo mmoja wenye maudhui yasiyo ya kawaida kwetu. Ni tafsiri ya kitabu cha mwongozo, kilichoandikwa kwa Kiingereza cha Marekani, kinachomfundisha mtu namna ya kulishughulikia nyumbani kwake gari la Kimarekani la miaka ya 1960: kulifungua lote, kuondoa kutu, kuchomelea mabati mapya, kuifanyia kazi injini, na mwishowe, akipenda, kulitia breki, gia na springi bora kuliko zile lilizotoka nazo kiwandani. Mfasiri ameeleza katika barua yake kwamba aliowakusudia ni wasemaji wa Kiswahili waishio Marekani, ambao baadhi yao wameajiriwa katika gereji za huko, pamoja na vijana wa vyuo vya ufundi vya hapa nchini. Sitamtaja jina, wala kitabu sitakitaja, kwani mswada haujachapishwa na mfasiri anayo haki ya kuusahihisha kwanza.

Huenda msomaji akauliza sisi tunahusika nini na anasa za watu wa ng'ambo. Jibu langu ni kwamba lugha ya gereji ni sehemu ya Kiswahili iliyokomaa bila kusaidiwa na kamati yoyote. Klachi, kabureta, rejeta, boneti, buti, spana, sampu, puti, plagi: maneno haya yalikwisha kupita mikononi mwa mafundi na kuota sugu kabla watu wa aina yangu hawajaanza kuyaorodhesha. Mfasiri wa kitabu cha magari, basi, hakosi maneno. Akikosea, mara nyingi ni kwa sababu hakuyauliza kwa wenyewe. Aidha, makosa ya kitabu cha namna hii hayaishii karatasini. Yupo atakayekisoma huku ameshika moto mkononi.

Nianze na kosa ambalo mimi mwenyewe nililipitisha. Katika sura ya kuchomelea, mswada unasema: kabla ya kuanza kazi ya sehemu ya nyuma ya gari, toa gesi yote na uondoe tangi la gesi. Niliisoma sentensi hiyo, nikaona sarufi yake ni safi, nikaweka alama ya kukubali. Siku tatu baadaye, nilipofika sura ya kabureta na kukuta gesi inaingia humo na kuchanganyika na hewa, ndipo nilipotanabahi. Mmarekani huita petroli kwa kifupisho ambacho sauti yake ni ile ile ya neno letu gesi. Mfasiri ametafsiri sauti, akaiacha maana.

Yafaa tutazame kosa hili linaweza kumfikisha msomaji wapi. Mtu anayechomelea mabati membamba ya gari kwa mashine ya waya huwa na mtungi kando yake, na ndani ya mtungi huo mna gesi kweli, agoni iliyochanganywa na kabonidayoksaidi, ya kuukinga moto wa umeme usiingiliwe na hewa. Mtu huyo akisoma neno gesi atautazama mtungi wake. Atashangaa kidogo, kwani bila gesi hiyo hawezi kuchomelea. Kisha atakata shauri kwamba maneno hayo yanamhusu mwenye mitungi ya aina nyingine, ataendelea na kazi. Petroli itabaki mahali pake. Na mahali pake ni wapi? Katika Ford Mustang, gari lililoanza kuuzwa Aprili 1964, tangi la petroli la matoleo ya mwanzo limewekwa kwa namna ambayo uso wake wa juu ndio sakafu ya buti yenyewe. Anayechomelea pembe za buti hiyo anaangusha cheche juu ya tangi. Hata tangi lililomwagwa likawa tupu halina usalama, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka upesi kuliko petroli yenyewe.

Chanzo cha kosa hili ni cha jumla, nacho kinastahili kujulikana na kila mfasiri wa vitabu vya ufundi kutoka Marekani. Maneno yetu ya gari tuliyapata kwa Waingereza. Boneti, buti, petroli, spana, sailensa na gia boksi ni Kiingereza cha Uingereza kilichovaa kanzu. Mmarekani ana majina mengine kabisa kwa vitu hivi. Mfasiri anapokutana na majina hayo huyaona kuwa mageni, akadhani ni vitu vipya visivyo na jina kwetu, akaanza kubuni. Hivyo katika mswada huu boneti imekuwa kofia ya injini, buti imekuwa sanduku, na sampu imekuwa sufuria la mafuta. Bati la sakafu ya gari nalo limeitwa sufuria la sakafu, hata nikawaza jikoni badala ya gereji. Liko pia neno Bondo, lililoachwa kama lilivyo. Huko Marekani ni jina la biashara la puti, na watu wamelizoea kwa puti ya kila kiwanda. Lakini msomaji wa Kenya akiambiwa ajaze shimo kwa Bondo atafikiria mji ulioko Siaya.

Kosa la pili ni zito zaidi kwa upande wa istilahi, ingawa haliwezi kuunguza nyumba. Mswada mzima unatumia kitenzi kutengeneza kwa kazi tatu ambazo kwa wenye magari haya hazipatani hata kidogo. Nadhani hapa ndipo penye kiini cha kitabu, na mfasiri amepapita bila kupaona.

Kazi ya kwanza ni ile tuijuayo sote: kitu kimeharibika, fundi anakifanya kifanye kazi tena. Hiyo ni kutengeneza, na hapana haja ya neno lingine. Gari lililokaa miaka 30 bila kuwashwa, likatiwa betri, likasafishwa kabureta na kunguruma, limefufuliwa. Mafundi husema hivyo na wanasema vizuri. Lakini kufufua si kazi ya pili. Kazi ya pili ni kulirudisha gari katika hali iliyokuwa nayo siku ilipotoka kiwandani, si kwa uzuri tu bali kwa ukweli. Mwenye kuifanya hutafuta rangi ya namba ile ile, kitambaa cha viti cha mfumo ule ule, boliti zenye alama ile ile kichwani. Wako wanaochora upya hata alama za chaki na za rangi zilizoachwa na wakaguzi wa kiwanda kwenye ekseli na chini ya bodi. Kiwanda kikiwa kilipaka vibaya mahali fulani, naye atapaka vibaya hapo hapo. Kazi ya tatu ni kinyume chake: kulifanya gari liwe kile ambacho halikuwa, kwa kulitia injini nyingine, gia za kisasa, au breki ambazo kiwanda hakikuziweka.

Kwa kazi ya pili wengine wamependekeza ukarabati. Silipendi. Ukarabati umezoea majengo, na jengo lililokarabatiwa huruhusiwa kuwa na madirisha ya alumini ambayo halikuwa nayo. Kwa maoni yangu kitenzi kurudishia kinatosha: kulirudishia gari hali yake ya asili, gari lililorudishiwa. Nomino yake, urudishiaji, ni nzito kidogo mdomoni, nakubali. Lakini tumekwisha meza mazito kuliko hilo.

Kwa kazi ya tatu mfasiri, pale alipohisi kwamba kutengeneza hakumtoshelezi, ametumia mara kurekebisha, mara kubadili. Yote mawili yana wenyewe. Kurekebisha ni kuweka sawa kitu kilicholegea au kilichokaza mno: hurekebishwa breki, klachi, moto wa plagi. Kubadili, katika gereji zetu, ni kutoa kilichochakaa na kutia kipya cha aina ile ile. Fundi akikuambia ubadili plagi, hakuambii utafute plagi za gari jingine. Sasa msomaji afikirie sura ya breki, ambamo maneno kubadili breki za mbele yametokea mara tatu katika kurasa mbili. Mara mbili maana yake ni kutia breki shuu mpya. Mara ya tatu maana yake ni kuondoa breki za dramu na kuweka za diski, jambo ambalo ni tofauti mno. Masta silinda ya breki za dramu huwa na valvu ndogo ya kubakiza mgandamizo kidogo katika bomba hata mguu ukiondolewa. Valvu hiyo ikiachwa kwenye mfumo wa diski, pedi hazitaachia. Zitasugua safari nzima hadi ziungue. Aidha, inatakiwa valvu nyingine ya kupunguza nguvu inayokwenda nyuma, la sivyo magurudumu ya nyuma yatakaza kabla ya yale ya mbele na gari litageuka njiani. Na katika magari mengi ya Marekani yaliyotangulia matoleo ya 1967, masta silinda ina njia moja tu, hata bomba moja likipasuka breki zote hupotea. Kitabu cha Kiingereza kinayaeleza haya yote. Lakini kichwa cha habari cha Kiswahili kinasema kubadili, na msomaji aliyezoea kubadili breki kwa saa moja atanunua diski, atazifunga, na hatasoma kurasa sita zinazofuata. Kama kichwa kingesema kugeuza breki za dramu ziwe za diski, neno lenyewe lingemsimamisha. Napendekeza, basi, kugeuza kwa kazi ya tatu, na gari lililogeuzwa.

Tofauti hii ina bei pia. Pontiac GTO ya 1964, ambayo wengi huihesabu kuwa gari la kwanza la jamii hii, haikuwa gari la peke yake bali kifurushi cha nyongeza kilichouzwa pamoja na Tempest LeMans: injini ya inchi za ujazo 389, yaani lita 6.4, yenye nguvu-farasi 325. Kampuni mama, General Motors, ilikuwa imekataza injini kubwa kiasi hicho katika magari ya ukubwa wa wastani, na kuiita nyongeza ilikuwa njia ya kulikwepa katazo. Matokeo yake ni kwamba kwa magari ya 1964 na 1965 namba ya gari peke yake haionyeshi kama ni GTO au LeMans ya kawaida. Ni tangu 1966, GTO ilipofanywa aina kamili, ndipo namba yake ilipoanza kwa tarakimu 242. Mtu anayeivalisha LeMans sura ya GTO amegeuza gari. Akiliuza kwa jina la lililorudishiwa, ametapeli. Katika mswada wetu magari yote mawili yametengenezwa, na mnunuzi Mswahili hana neno la kumwulizia muuzaji.

Fungu la maneno ambalo wauzaji hulipenda sana, la namba za injini na za bodi, limetafsiriwa kuwa namba zinazofanana. Hazifanani. Injini hubeba sehemu tu ya namba ya gari, na kinachotafutwa ni kwamba sehemu hiyo ikubaliane na namba iliyoko kwenye bodi. Namba zinazoafikiana ingefaa zaidi.

Nije kwenye chesisi. Sura ya nne inamwagiza msomaji aitenganishe bodi na chesisi. Agizo hili ni sahihi kwa Chevrolet Chevelle na kwa Pontiac GTO, ambazo bodi zake zimefungwa kwa boliti juu ya fremu ya chuma. Si sahihi hata kidogo kwa Mustang, wala kwa Dodge Charger, wala kwa Plymouth Road Runner, kwa kuwa hizo hazina chesisi ya kutenganishwa. Mabati ya bodi, yakiunganishwa pamoja, ndiyo yanayobeba injini, springi na abiria. Kitabu cha asili kina maneno mawili kwa miundo hii miwili. Mfasiri, kwa kukosa la pili, ametumia chesisi kotekote, na katika ukurasa wa Charger amemwagiza msomaji atafute boliti zisizokuwapo. Hilo lingekuwa la kuchekesha kama lisingefuatwa na agizo la kukata sakafu iliyoliwa na kutu. Gari lenye fremu likikatwa sakafu, fremu inabaki imelishika. Gari lisilo na fremu likikatwa sakafu yote kwa mara moja, bila kwanza kuchomelewa vyuma vya kuzuia kati ya nguzo za milango, hujikunja kwa uzito wake lenyewe, na baada ya bati jipya kuchomelewa milango haifungi tena milele. Kazi ya miezi hupotea hapo.

Nilikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kumwuliza fundi bodi mmoja mzee wanaitaje gari la namna hiyo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akaniuliza kama nimewahi kuiona Peugeot 404 ikiwa imefunguliwa. Nikamjibu sijaona. Akasema, "Mwalimu, Land Rover ina chesisi, hata bodi ukiitupa inatembea. Ile Peugeot haina. Bodi ndiyo chesisi." Sikupata istilahi, lakini nilipata fasili iliyo bora kuliko yoyote niliyoisoma. Kutokana nayo nimependekeza bodi bebezi, yaani bodi ibebayo, kwa kuitofautisha na bodi pandwa, ile iliyopandishwa juu ya chesisi. Mwenzangu mmoja ofisini ameniambia kwamba bebezi inanuka karatasi. Huenda. Fundi mwenyewe nilipomrudia nalo alicheka kidogo, akasema litazoeleka likitumika.

Sasa jina lenyewe la jamii ya magari haya. Wamarekani huyaita kwa jina linalohusu misuli ya mwili, na mfasiri ameandika gari la misuli. Huku pwani msuli ni pia nguo ya kujifunga kiunoni, nayo wingi wake ni misuli. Nilipomsomea binamu yangu wa Tanga kichwa cha kitabu aliuliza kama ni gari la kuchukulia nguo sokoni. Zaidi ya hayo, Kiswahili hakisifu nguvu ya chombo kwa misuli. Nimefikiria gari la mabavu. Lina kasoro yake, kwani mabavu yameelekea kwenye ugomvi na unyang'anyi, lakini wazo la nguvu inayotangulia busara limo, na magari yenyewe yalikuwa hivyo: gari la milango miwili, la ukubwa wa wastani na bei ya kijana wa kazi, lililotiwa injini ya gari kubwa huku breki zikibaki za gari dogo. Fasili hiyo haina budi kuandikwa kwenye faharasa, kwa sababu msomaji wetu akiona herufi na namba V8 peke yake, kama mfasiri alivyoziacha, hataona Charger ya 1968. Ataona Land Cruiser ya mkubwa wa idara ikipita na vumbi lake.

Katika vipimo nitakuwa mfupi. Mswada unageuza kila pauni kuwa kilo, hata pauni zisizo za uzito. Kukaza boliti kwa futi-pauni 100 si kuikaza kwa kilo 45. Ni nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 136 hivi, na spana ya kupimia ya kisasa huandikwa hivyo. Kuhusu nguvu-farasi, mfasiri ameandika nguvu ya jumla na nguvu ya wavu. Wavu ni wa wavuvi. Jambo linalotakiwa kueleweka ni kwamba hadi 1971 viwanda vya Marekani vilitangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa uchi juu ya meza ya majaribio, na kuanzia matoleo ya 1972 vikatangaza ile ya injini iliyovikwa vifaa vyake vyote, pamoja na bomba la moshi. Chevelle ya inchi za ujazo 454 ilitangazwa 365 mwaka 1971 na 270 mwaka 1972, na msomaji wa mswada ataamini kwamba farasi 95 walikufa katika mwaka mmoja. Sehemu kubwa ya farasi hao haikuwa katika injini bali katika namna ya kuhesabu. Nguvu uchi na nguvu vazi yangekuwa maneno yenye maana hapa; nayatoa yajadiliwe.

Ingekuwa si haki kunyamazia uzuri wa kazi hii. Sura ya kutu ni ya mtu anayekijua Kiswahili. Ametofautisha kutu ya juu, kutu iliyokula na kutu iliyotoboa, na kwa kila moja amempa msomaji njia ya kuitambua kwa ncha ya bisibisi. Sura ya kuifungua injini inasomeka kama fundi anayezungumza, bila shaka kwa sababu hapo aliulizia kwa mafundi. Kuhusu siti za valvu, ambazo katika injini hizi zilikingwa na risasi iliyokuwamo katika petroli ya zamani, ameeleza wazi kwa nini petroli isiyo na risasi, ambayo ndiyo pekee iliyoruhusiwa kwa magari ya barabarani Marekani tangu 1996, huzila siti hizo gari likiendeshwa kwa nguvu, na kwa nini hufaa kutia siti za chuma kigumu wakati kichwa cha silinda kiko mezani. Sikubadilisha humo hata neno moja.

Limebaki jina la gari lililorudishiwa sura yake ya nje na kugeuzwa mitambo yake ya ndani. Wamarekani wameliunganishia vipande viwili vya maneno kikawa kimoja. Gari mseto lingefaa, ila jina hilo limekwisha kushikwa na magari yanayotumia petroli na umeme pamoja. Walimu wa vyuo vya ufundi wenye neno wanaombwa watuletee.

Mswada umerudi kwa mfasiri. Ile sentensi ya tangi sasa inasomeka hivi: Kabla ya kuchomelea sehemu yoyote ya nyuma ya gari, mwaga petroli yote katika chombo chenye mfuniko, fungua tangi la petroli na ulipeleke nje, mbali na cheche, wala usilichomelee hata likiwa tupu.